Kidole cha baba kinaitwa Mheshimiwa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Baba yangu ana miaka 61 na anaugua jongo. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikivimba anakiita "Mheshimiwa", na kila anayeingia sebuleni anaambiwa akisalimie kwa mbali. Tunacheka mpaka basi. Mama anakasirika, anasema maradhi hayafanyiwi mzaha. Tuache kucheka? Binti yako, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msiache. Marehemu mume wangu aliugua jongo miaka tisa. Lilimwamsha saa nane za usiku, kidole chekundu kinang'aa kama nyanya, joto lake unalisikia kabla hujagusa. Hata shuka lilikuwa zito. Nikachukua boksi, nikalifunika juu ya mguu ili shuka lisimguse. Akaliangalia, akasema, "Kuku kaatamia, msimsumbue." Tulicheka wote wawili, yeye huku machozi ya maumivu yanamtiririka. Nilimpenda sana usiku ule.

Kilichomuumiza ni mzaha wa wenzake. "Ugonjwa wa matajiri huo, nyama choma unakula peke yako?" Yeye fundi cherehani! Jongo linatokana na asidi ya yuriki kuzidi kwenye damu, mara nyingi kwa sababu figo haziitoi ya kutosha, halafu inaganda kwenye kiungo kama sindano ndogondogo. Maini, dagaa na bia huchochea, lakini wapo wanaorithi. Kwa hiyo mzaha aanzishe baba, nyinyi mfuate.

Mama yako naye ana hoja yake. Uvimbe ulipopungua mume wangu alisema, "Mgeni kaaga," akaacha alopurinoli. Dawa ile si ya kutuliza maumivu, ni ya kushusha asidi, na humezwa kila siku hata kidole kikiwa kizima. Mgeni alirudi, safari hii na goti. Ndipo daktari akatueleza kwamba kiwango cha asidi hiyo kwenye damu kinatakiwa kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Muulizeni baba mara ya mwisho alipima lini.

Na asubuhi muulize kwa lugha yake mwenyewe: "Mheshimiwa kaamkaje, maumivu yake kwa kumi unayapa ngapi?" Mtu anayeona haya kusema "naumwa" atakutajia nane bila kusita. Ikiwa nane, mama asikie.

Boksi la sabuni linatosha. Kata upande mmoja, mguu uingie.