Ng'ombe wawili katika kiwanja cha makazi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kiwanja cha mita za mraba 400 katika Manispaa ya Morogoro, ambamo ninafuga kuku 50 wa mayai na jogoo mmoja. Ninataka kuongeza ng'ombe wawili wa maziwa, lakini jirani, ambaye amekwisha kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu harufu, anadai kuwa mifugo hairuhusiwi kabisa mjini. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si kweli, ingawa jirani yako ana hoja. Ufugaji mijini haujapigwa marufuku nchini Tanzania, bali umewekewa mipaka. Kanuni za Kilimo Mijini za mwaka 1992, kwa mfano, ziliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, kwa sharti la kuwafungia na kuwalisha bandani. Usiichukulie idadi hiyo kuwa haki yako, kwani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na hizo ndizo unazopaswa kuzisoma katika ofisi za manispaa kabla hujamtafuta fundi wa banda. Iangalie pia hati yako: ikiwa matumizi yaliyoandikwa ni makazi, kuku wachache wa nyumbani hawatamsumbua mtu, lakini mradi wa kuku 500 unaweza kukulazimu kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi.

Kikwazo chako kikubwa, kwa maoni yangu, ni samadi. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa zaidi ya kilo 20 za kinyesi kwa siku, mbali na mkojo, na katika kiwanja hicho chenye nyumba na shimo la choo sioni utaiweka wapi ya ng'ombe wawili. Ikianza kutiririka kwa jirani, afisa afya anaweza kukuchukulia hatua za kuondoa kero chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, hata kama unacho kibali. Anza na ng'ombe mmoja, tena iwapo tu umempata mwenye bustani atakayezoa samadi kila wiki, na sakafu ya banda iwe ya saruji, yenye mteremko unaopeleka mkojo kwenye shimo lililofunikwa.

Harufu ya sasa, bila shaka, ni ya kuku. Maranda yakilowa chini ya vyombo vya maji hutoa amonia inayowasha macho. Yatoe yaliyolowa, uweke makavu, na uvinyanyue vyombo hadi usawa wa mgongo wa kuku. Jogoo naye muuze, kwa kuwa kuku wa mayai hutaga bila yeye, na kuwika kwake alfajiri hakukuongezei marafiki.

Kisha andika barua ya maombi kupitia kwa mtendaji wa mtaa, umwombe afisa mifugo wa kata aje kulikagua eneo, na siku hiyo umwalike jirani yako naye awepo.