Acha suti nyumbani siku ya kupatana gudwili

Usiende hivyo, ndugu yangu. Umeandika kwamba umeacha kazi ya ofisi, unataka stoli upande wa Luthuli hapa Nairobi uuze vifaa vya simu, Jumamosi unakutana na mwenye stoli, Jumatatu uko Huduma Centre, ile ofisi ya huduma za serikali, Jumanne benki, na mjomba wako amekushauri ununue suti ya Sh 6,000 uivae siku zote tatu ili watu wakuheshimu. Unauliza rangi na mahali pa kununua. Ninachokuambia ni kwamba Jumamosi usiivae hata ukipewa bure.

Mwaka 2018 nilikuwa na Sh 430,000. Ilikuwa pesa ya chama cha kuweka akiba ya miaka mitano pamoja na mkopo wa sacco ambao mke wangu alinidhamini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: gudwili isizidi laki mbili, kodi ya miezi miwili, zinazobaki zote ziingie kwenye bidhaa. Kwa wasiojua, gudwili ni ile pesa unayompa anayetoka ili akuachie nafasi, mbali na kodi ya mwenye jengo. Haijabandikwa popote, na mara nyingi hata risiti hupewi. Bei yake inazaliwa pale pale mnapoangaliana.

Nami nikaenda nimevaa suti ya bluu iliyokolea. Na msije hapa kuniambia labda suti yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikuwa kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, kutoka soko la Gikomba, nimeiwahi alfajiri belo likifunguliwa, fundi akaipunguza kiuno na mikono, ikanikaa kuliko zinavyowakaa wabunge wengi. Viatu nilivipigisha rangi Moi Avenue nikielekea huko. Kwenye ngazi za lile jengo watu walinipisha. Keateka, mwangalizi wa jengo, akaniita mheshimiwa, nami nikajiona nimeshafika.

Mwenye stoli alianza kuangalia viatu. Kisha saa. Kisha akauliza kwa upole, "Unafanya kazi wapi, mkubwa?" Nikamjibu niko Upper Hill, kwenye kampuni ya bima. Ni kweli nilikuwa huko, karani wa kupokea fomu, lakini hilo hakuliuliza nami sikulisema. Akatoka nje kupiga simu. Aliporudi akaniambia kuna mteja mwingine amefika laki tatu na nusu, lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa maana ataniachia kwa laki tatu na themanini, kwa sababu hataki shida na watu wadogo wadogo.

Nilijaribu kupatana. Nikasema sina hizo pesa, nina familia, anipunguzie. Alitabasamu tu. Mdomo wangu ulisema sina na koti likasema ninazo, naye akaamini koti. Pia nilishaona aibu. Mtu akishakuita mkubwa mbele ya vijana wa duka la jirani, kulilia elfu hamsini kunakuwa kugumu ajabu. Hilo ndilo watu hawalioni: suti inamfanya yule wa mbele yako apandishe bei, halafu inakufunga mdomo wewe uliyeivaa. Tulimalizana laki tatu na sitini. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Mwezi wa pili tangu niingie, mama aliyekuwa akiuza viatu milango miwili kutoka kwangu aliniuliza nililipa ngapi. Nilipomtajia alinyamaza, akaniwekea kiti nikae. Yeye alikuwa ameingia mwaka huo huo, stoli ya ukubwa ule ule, kwa laki moja na sabini. Alikuja na leso begani na mtoto mgongoni, akakataa bei mara tatu, akaondoka, akapigiwa simu arudi.

Hiyo tofauti ya Sh 190,000 ndiyo ilikuwa bidhaa zangu. Baada ya kodi nilibaki na pesa ya kujaza rafu moja kati ya nne. Mteja akiuliza chaja ya simu fulani, mimi sina, na anayetoka mara mbili mikono mitupu harudi tena. Nilivumilia miezi kumi na moja. Nilipotaka kutoka, mwenye jengo akaniambia gudwili haimhusu, yeye anajua kodi tu. Sacco niliendelea kuilipa hadi 2021, kwa pesa ambayo ingekuwa karo.

Na aliyenituma nivae suti namkumbuka vizuri. Ni mhamasishaji mmoja aliyetukusanya kwenye ukumbi wa hoteli kwa Sh 2,000 kila kichwa, akazunguka jukwaani kwa muda wa saa tatu akisema mavazi yako yanaongea kabla hujafungua kinywa. Yanaongea, ndiyo! Hakutuambia yanaongea na nani, wala yanamwambia nini. Hakuwahi kupatana bei ya kitu Kirinyaga Road huyo. Kiingilio chake mwenyewe kilikuwa kimebandikwa mlangoni, kwa hiyo hata tungekwenda na magunia tungelipa Sh 2,000. Nikisikia mjomba wako anasema maneno yale yale, damu inanichemka, ingawa najua mzee anakutakia mema.

Kwa hiyo kabla hujafungua kabati, jiulize swali hili: huko ninakokwenda, bei ni ya wote, au nitatajiwa mimi peke yangu? Huduma Centre pale GPO, posta kuu, ada ni moja kwa kila mtu na unailipia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, paybill 222222. Karani hawezi kukuongezea hata akikuona na saa ya dhahabu. Huko vaa vizuri, askari wa mlangoni atakusalimia na ukiuliza dirisha utaonyeshwa. Supamaketi vivyo hivyo. Hata matatu: konda anapoita "Kawangware hamsini" anawaita wote, na nauli ikipanda imepandishwa na mvua, haikupandishwa na tai yako. Lakini boda ya kusimamisha barabarani, fundi wa gari, spea za Grogan, mwenye mkokoteni wa kukubebea mzigo kutoka Kamukunji, kiwanja, gudwili, hizo zote bei inatoka kinywani mwa mtu baada ya macho yake kukupima. Huko suti utailipia mara ya pili.

Kuna watakaosema nguo chafu nazo zinakukosesha, kwamba muuzaji hatakusikiliza. Sijasema uende mchafu. Mama yule wa viatu alikuwa msafi kuliko mimi, nguo zimepigwa pasi. Ila alivaa kama mtu ambaye elfu kumi ni kitu kwake, na ni kweli elfu kumi ilikuwa kitu kwake. Hata kwangu ilikuwa kitu. Mimi ndiye niliyevaa uongo, nikauziwa kwa bei ya huo uongo.

Jumamosi vaa shati lako la kawaida na raba. Ukiulizwa unafanya kazi wapi, sema unatafuta kazi ya kufanya, ndiyo sababu umekuja. Usibebe pesa ya gudwili, na simu kubwa iache mfukoni. Fika nusu saa mapema, upite stoli nne tano za jirani, nunua hata kava ya simu, na uwaulize wenyewe waliingia kwa ngapi. Akina mama watakuambia. Kisha uje uandike hapa walichokuambia kabla hujarudi kwa huyo jamaa. Leo jioni nipo, na Jumamosi nitakuwa nasoma.