Tija imepanda dobini, mbona mshahara uko pale pale?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni msimamizi wa dobi katika hoteli moja Nungwi. Tulikuwa sita, tukitoa shuka 240 kwa zamu ya saa 8. Zimeletwa mashine mpya, tumebaki wanne na tunatoa shuka 320. Mshahara haujaguswa, na mafunzo ya mashine kapewa mtu mmoja tu. Tudai nini?

JIBU: Waalaykumu salaam. Kwa hesabu yako, kila mmoja alikuwa akitoa shuka 5 kwa saa. Sasa anatoa 10. Tija imeongezeka maradufu, lakini haipandishi mshahara yenyewe. Inakuza fungu la kugawana, na mgao huamuliwa na mapatano. Mwajiri naye atakutajieni bei ya mashine, umeme na vipuri, na ana haki. Kinachobaki baada ya hapo, ikiwemo mishahara miwili asiyoilipa tena, ndicho cha kuzungumzia. Nendeni na daftari la zamu, la kabla na la sasa.

Mimi ningeanza na mafunzo. Kazi yenu ilikuwa ya nguvu za mikono. Leo ni ya kuchagua joto, muda na kipimo cha sabuni. Maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi. Asiyelijua hilo huzidisha sabuni, shuka zikatoka ngumu na zimefifia, na chokaa ikagandia kipasha maji mpaka kikaungua. Na huyo mmoja aliyefundishwa akiugua, nani ataiendesha dobi?

Ujuzi wa mashine hizo hasa alipie mwajiri, maana ndiye anayefaidika nao zaidi. Ufundi mnaoweza kuhama nao, kama wa umeme, si vibaya mkauchangia. Kituo cha mafunzo ya amali Mkokotoni hakiko mbali nanyi. Ombeni muda wa masika, Aprili na Mei, wageni wakipungua.

Kisha anayehitimu apandishwe daraja, na liandikwe. Kama mna chama cha wafanyakazi, liingie kwenye mkataba wa hali bora, yaani mapatano ya maandishi kati ya chama na mwajiri. Sheria ya Mahusiano Kazini ya Zanzibar, Namba 1 ya 2005, inawapa nafasi hiyo. Mkipewa bonasi kwa idadi ya shuka badala ya nyongeza, msikubali haraka: masika shuka hupungua, na bonasi nayo hupungua. Simameni kwenye mshahara wa msingi.