Bessie hakukimbia, mwanangu

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza: huyu Bessie Coleman niliyekusimulia tangu utotoni, mbona alikwenda Ufaransa kujifunza urubani badala ya kubaki Marekani akadai haki yake? Najua swali limetoka wapi. Umepata nafasi ya masomo nje, na wenzako kazini wanasema unakimbia.

Hakukimbia, mama.

Alizaliwa Texas mwaka 1892, akakulia mji wa Waxahachie, akichuma pamba na kufua nguo za watu. Alipohamia Chicago akawa mtengeneza kucha kwenye kinyozi. Hapo huwa nasimama kidogo, maana kazi hiyo ndiyo iliyokusomesha. Umeshika mkono wa mteja, umeinama, tupa inakwenda na kurudi, vumbi la kucha linakudondokea mapajani, na maneno yote ya mle ndani unayasikia. Ndivyo habari za vita na ndege zilivyomwingia. Kaka yake akamtania kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, yeye ataweza wapi!

Akaomba shule za urubani za kwao, zikamkataa: mwanamke, tena mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Akajifunza Kifaransa kwanza, akapanda meli Novemba 1920. Tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni, Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kuwa nayo.

Sasa tazama alivyorudi. Akawa anafanya maonyesho, ndege ikibiringika angani watu wakishika vichwa. Siku moja ilikuwa arushe palepale Waxahachie, alikofulia nguo. Waandaaji wakapanga mageti mawili, la Wazungu na la weusi. Bessie akasema harushi mpaka wote wapite geti moja. Wakakubali. Ndani walikaa bado wametengwa, sikufichi. Alichokipata siku ile ni geti tu. Lakini nani angemsikiliza kama si rubani? Mfua nguo akigoma, wangemtafuta mwingine kabla ya adhuhuri.

Ndoto yake ilikuwa kufungua shule ya urubani, weusi wenzake wasilazimike kuvuka bahari kama yeye. Hakuiona. Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, fundi wake akiwa kwenye usukani, yeye hakufunga mkanda, kwa kuwa alitaka kuchungulia chini mahali pa kurukia na parachuti kesho yake. Spana ilinasa kwenye mitambo, ndege ikapinduka, akatupwa nje. Alikuwa na miaka 34. Bado inaniuma kama habari ya jana.

Wakikuuliza tena kazini, waambie habari ya lile geti. Zipu ya sanduku la marehemu baba yako nimeshaipeleka kwa fundi, Jumamosi litakuwa tayari.

Mama yako