Je, mwenye namba kubwa ndiye mwanasayansi bora?

SWALI: Ndugu Mhariri, natafuta msimamizi wa tasnifu yangu ya uzamivu. Wawili wamekubali kunipokea: mmoja ni mtaalamu wa kemia ya kifizikia ambaye kipimo chake cha h ni 18, na mwingine ni mwanabiolojia mwenye h ya 31. Wenzangu wananiambia nisijisumbue, nimfuate mwenye namba kubwa. Namba hiyo hupatikanaje, na je, ni halali kuwalinganisha watu kwa njia hiyo?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu mwanafunzi, wenzako wanakupoteza, ingawa namba yenyewe si ya kupuuzwa.

Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hesabu yake ni nyepesi: makala za mtafiti hupangwa kuanzia iliyorejelewa, yaani kutajwa katika makala za wengine, mara nyingi zaidi, kisha unashuka katika orodha hadi makala ya mwisho ambayo idadi ya mara ilizorejelewa haipungui namba ya nafasi yake; namba ya nafasi hiyo ndiyo h. Tuseme makala sita za mtu zimerejelewa mara 50, 22, 9, 6, 5 na 3. Ya tano imerejelewa mara 5, lakini ya sita mara 3 tu. Basi h yake ni 5. Sasa badilisha ile 50 iwe 50,000, na h itabaki 5 vilevile.

Usidhani mfano huo umetiwa chumvi. Mwaka 1951 Oliver Lowry na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walichapisha njia ya kupima kiasi cha protini katika sampuli kwa kutumia kimiminika kinachogeuka rangi ya buluu. Kadiri buluu inavyokolea, ndivyo protini ilivyo nyingi. Kufikia mwaka 2014 makala hiyo ilikuwa imerejelewa zaidi ya mara 300,000, na kuwa ya kwanza duniani, lakini katika h ya Lowry inahesabika kama makala moja tu. Mwaka huohuo wa 2014, makala ya wanasayansi Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi, ilikuwa imerejelewa mara zipatazo 5,000. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba kupima protini ni ugunduzi mkubwa mara sitini kuliko umbo la DNA. Anayetumia njia ya maabara hulazimika kuitaja kila anapoandika, ilhali jambo lililokwisha kuingia katika vitabu vya shule halidaiwi tena rejeo.

Tena h haioni thamani inayochelewa kutambuliwa. Mtazame Rosalind Franklin, ambaye wengi humjua kwa picha za eksirei za DNA pekee. Yeye alikuwa mtaalamu wa kemia ya kifizikia, aliyepata uzamivu wake Cambridge mwaka 1945 kwa utafiti wa makaa ya mawe. Mwaka 1951 alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kaboni za aina fulani zikichomwa kwa joto kali hugeuka grafiti, ile kaboni iliyo ndani ya penseli, na nyingine hazigeuki hata zikichomwa vipi. Miongo kadhaa baadaye watengenezaji wa betri za lithiamu na sodiamu waliihitaji sana aina hiyo ya pili, na makala ya mwanamke aliyefariki mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 37, ingali ikirejelewa nao. Kamati ambayo ingempima kwa h mwaka 1955 isingeliona hilo hata kidogo.

Kuhusu kulinganisha fani mbili, biolojia ina watafiti wengi zaidi, orodha zao za marejeo ni ndefu, na makala moja huweza kubeba majina ya watu ishirini ambao kila mmoja huihesabu kuwa yake. Kwa hiyo 18 ya kemia ya kifizikia na 31 ya biolojia hazisimami kwenye mizani moja. Umri nao una neno, kwa kuwa h haishuki kamwe. Aliyefanya kazi miaka thelathini anaweza kumzidi wa miaka kumi hata kama ameacha utafiti. Tena hakikisha namba zote mbili zimetoka hazina moja ya kumbukumbu za makala mtandaoni: Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, kwa hiyo mara nyingi namba zake ni kubwa kuliko za Scopus au Web of Science.

Lililo na maana zaidi kwako ni kufungua orodha ya makala za kila mmoja za miaka mitano iliyopita. Katika fani hizi mbili, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi ya maabara na la mwisho ni la kiongozi wake. Angalia kama wanafunzi wa uzamivu wa msimamizi huyo hutangulia katika majina, kisha waandikie wawili watatu kati yao na uwaulize walichukua muda gani kumaliza.