Maswali ya Ndondi: Nani Bondia Bora wa 2024?

Swali: Mhariri, shikamoo. Hapa Kariobangi tumebishana sana: kwa nini Oleksandr Usyk aorodheshwe juu ya Naoya Inoue mwaka 2024, ilhali Mjapani huyo hushinda kwa kuwaangusha wapinzani? – Msomaji, Nairobi

Jibu: Marahaba. Orodha ya mwisho wa mwaka hupima kwanza ni nani aliyepigwa, na wala si idadi ya nokauti. Mwezi Mei, mjini Riyadh, Usyk alimshinda Tyson Fury, aliyekuwa hajawahi kushindwa, akawa bingwa asiyepingwa wa uzani wa juu, yaani mwenye mikanda yote mikuu. Kisha Desemba, akikabiliana na Fury aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 20, akashinda tena, majaji wote watatu wakimpa alama 116-112. Tazameni tena raundi ya tisa ya pambano la kwanza, Fury akiyumba kwenye kamba hadi refa akamhesabia.

Inoue ninamheshimu mno. Aliangushwa na Luis Nery raundi ya kwanza, akainuka akammaliza katika ya sita. Hata hivyo, Nery na TJ Doheny, aliowapiga mwaka huo, hawamfikii Fury kwa ubora, kwa hiyo ninamweka Inoue wa pili.