Jiko la indaksheni likiandika E: angalia limeandika lini

Jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu za sumaku, likizima wali wa nazi ukiwa bado na kiini, kisha likaandika E1, E3 au E6, wengi hukimbilia jedwali la namba mtandaoni. Jedwali hilo linaweza kukupoteza. Kila mtengenezaji hupanga namba zake: E3 kwa jiko moja ni umeme kuzidi, kwa jingine ni joto la koili, yaani waya uliosokotwa chini ya kioo. Maana sahihi imo kwenye kijitabu cha jiko lako. Kisichotofautiana sana baina ya majiko ni muda. Kabla hujazima, tazama namba imetokea lini: papo hapo, baada ya sekunde chache, ulipopandisha moto, au baada ya dakika kadhaa.

Ikitokea sekunde za mwanzo huku jiko likilia, shuku sufuria. Sufuria nyingi za madukani kwetu ni za alumini, na jiko haliioni alumini, wala chungu cha udongo. Nenda dukani na sumaku: iking'ang'ania kitako kwa nguvu, nunua. Ikishika kwa kulegea, moto utakuwa hafifu. Kitako kiwe bapa, na kipana cha sentimita 12 au zaidi. Karai la mviringo halifai hata likiwa la chuma.

Ikitokea unapopandisha moto kutoka wati 800 hadi 2000, tatizo aghalabu ni umeme, na hapa ndipo watu wa Malindi na Lamu wanapolaumu jiko bure. Wati 2000 kwenye volti 240 ni zaidi kidogo ya ampia 8. Ekstensheni nyembamba haibebi mzigo huo: volti zinashuka njiani na jiko linajikinga. Majiko mengi hukata yakipata chini ya volti 170 hivi, au juu ya 260 na ushei. Kupima soketi jiko likiwa limezimwa hakusaidii. Chomeka multimita (kipima umeme) kwenye tundu la pili la ekstensheni ile ile, soma, kisha washa jiko kwa moto wa juu usome tena. Volti 235 zikishuka hadi 195, lawama ni ya waya au soketi. Shika plagi baada ya dakika kumi. Ikiwa moto, badilisha soketi kabla haijayeyuka. Chomeka jiko moja kwa moja ukutani. Anayetumia sola ahakikishe inveta, yaani kigeuzi cha umeme wa betri, inatoa wimbi safi (pure sine wave) na inazidi wati za jiko. Inveta za bei rahisi huzua namba za ajabu ambazo fundi hatazipata akilijaribu jiko kwake.

Ikitokea baada ya dakika kadhaa, ni joto. Bandika lita mbili za maji. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100, kwa hiyo namba ya joto ikija nayo yapo, kosa si la mapishi: ni feni, njia ya hewa au sensa ya joto. Feni hunyonya hewa kwa chini, kwa hiyo usiweke jiko juu ya kitambaa cha plastiki wala gazeti, na liache sentimita 10 kutoka ukutani. Miezi ya kaskazi hewa ya jikoni tayari ni moto, na jiko lililokuwa likivumilia huanza kuzima. Jikoni zilizo ghorofa ya juu, chini ya paa la makuti, zina adha nyingine: vumbi la makuti huchanganyika na mafuta na kuganda kwenye mapanga ya feni. Ukimaliza kupika, usichomoe plagi mpaka feni inyamaze.

Ikitokea papo hapo jiko likiwa baridi, na umeme ni mzuri, yaelekea sensa imekatika au imeshikana (imepiga shoti). Hii ni kazi ya mwenye kujua umeme. Chomoa, subiri dakika kumi, kisha pima kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme) kabla ya kugusa chochote, maana ndani hukaa takriban volti 340. Sensa iko katikati ya koili, imegusa kioo. Toa kiunganishi chake kwenye bodi, upime. Nyingi ni kilo-omu 100 kwa nyuzi 25. Kwa nyuzi 30 utasoma karibu 80, na ukiibana kwa vidole usomaji hushuka polepole. Isiposoma kitu imekatika, ikisoma sifuri imeshikana. Ikiwa nzima lakini imeachana na kioo, ipake pesti nyeupe ya kupitisha joto na uirudishe ikibane.

Kwa pwani, kabla ya kununua kifaa chochote, tazama kutu ya kijani kwenye viunganishi. Hewa ya chumvi hula miguu ya sensa na feni, na mende hupenda joto la bodi. Sugua kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa. Jiko linalokaa kabatini miezi mitatu linaweza kuharibika upesi kuliko linalopikiwa kila siku. Ukilihifadhi, liwashe angalau mara moja kwa wiki.

Jiko lililokufa kabisa, bila namba wala taa, na fyuzi ya ndani imekatika, usilitilie fyuzi mpya tu. Mara nyingi transista ya nguvu na daraja la diodi zimeungua, na fyuzi mpya itakwenda dakika hiyo hiyo. Fundi azipime zote, na jaribio la kwanza alifanye na balbu ya kizamani ya wati 100 iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa moto (laivu): balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti. Waya wa shaba mahali pa fyuzi ni moto wa nyumba, usikubali hata kwa usiku mmoja. Na kioo kikipasuka, hata ufa wa unywele, jiko hilo lisiwashwe: tui likimwagika huingia moja kwa moja kwenye koili yenye umeme.

Unapompelekea fundi, mwandikie modeli, namba, muda ilipotokea, na volti ulizosoma jiko likiwa na mzigo.